Siku moja ya Kris Bryant: kwanini 171 badala ya 172 ilizua kesi

Tuanze na hesabu maana utamu wote wa hii stori uko kwenye hesabu. Msimu wa 2015 wa MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, ulikuwa na siku 183, kuanzia Aprili 5 mpaka Oktoba 4. Mchezaji akikaa kwenye kikosi cha wakubwa siku 172 anahesabiwa ametumikia mwaka mzima. Sasa kuna kijana wa Chicago Cubs anaitwa Kris Bryant, yeye akapandishwa Aprili 17. Chukua kalenda hesabu mwenyewe: Aprili siku 14, Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 31, Septemba 30, Oktoba 4. Jumla 171. Imepungua moja.

Hiyo moja ndo ilimbakiza mikononi mwa timu mwaka mzima wa ziada, ikazaa malalamiko yaliyokuja kuamuliwa 2020, na ni moja ya vitu vilivyofanya sheria za ligi nzima ziguswe. Na wakati yote hayo yanaendelea jamaa mwenyewe alikuwa anabeba tuzo kila mwaka kama mtu anaokota maembe chini ya mti.

Kabla hatujafika mbali tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe, maana najua wengi besiboli tunaionea kwenye muvi tu. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya ukacheza raunda basi nusu ya kazi umeshaimaliza. Mtu anarusha mpira, mwingine anaupiga na gongo, akishaupiga anakimbia kuzunguka vituo, akirudi alipoanzia timu imepata pointi. Vituo vinaitwa besi, viko vitatu ukiacha pale pa kuanzia. Mpira ukipigwa ukavuka uzio hiyo inaitwa homurani, hapo mpigaji anazunguka besi zote taratibu kama anaenda dukani, hakuna wa kumgusa. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka, hiyo ni straikauti.

Besi ya tatu iko upande wa kushoto ukiangalia kutoka alipo mpigaji. Wapigaji wengi wanapigia mkono wa kulia, na mipira yao mikali inaenda huko huko, ndo maana Wamarekani wanapaita kona ya moto. Anayelinda pale anatakiwa adake kitu kinachokuja kama risasi halafu akirushe mpaka besi ya kwanza, mita kama 39 hivi, kabla mkimbiaji hajafika. Bryant ana urefu wa futi 6 na inchi 5, na kuna watu tangu mwanzo walikuwa wanajiuliza kama mtu mrefu hivyo ataweza kuinama akadaka mipira ya chini pale kwenye kona. Iweke hiyo hoja mfukoni, tutaihitaji.

Jamaa kazaliwa Las Vegas Januari 1992. Baba yake, Mike, aliwahi kucheza timu za chini za Boston Red Sox na huko alipata kufundishwa kupiga na Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kuwahi kutokea, akayabeba yale mafundisho akaja kumpa mtoto nyumbani. Mwaka 2010 Toronto Blue Jays walimchagua Kris akitokea sekondari, ila raundi ya 18, yaani huko chini kabisa, akawakatalia akaenda chuo kikuu, University of San Diego.

Chuo ndo kilimtengeneza jina. Mwaka wake wa tatu, 2013, alipiga homurani 31. Ukiambiwa 31 peke yake unaweza usishtuke, ila ngoja nikupe picha. Mwaka 2011 vyuo vya Marekani vilibadilisha viwango vya magongo ya chuma, yakapunguzwa nguvu kwasababu mipira ilikuwa inatoka kwa kasi ya hatari, na homurani zikashuka nchi nzima. Katika hali hiyo hiyo Bryant peke yake akapiga homurani nyingi kuliko timu 223 kati ya 296 za daraja la kwanza la vyuo. Mtu mmoja dhidi ya timu nzima nzima. Akapewa Golden Spikes, tuzo ya mchezaji bora ambaye bado hajaingia kwenye malipo.

Hapo ikaja drafti. Kwa sisi tuliozoea soka hii drafti ni kitu cha ajabu kidogo, kwasababu mchezaji hachagui timu, timu ndo zinachagua wachezaji kwa foleni na zilizofanya vibaya zinatangulia. Huwezi kusema mimi nataka Yanga sitaki Simba. Juni 2013 Houston Astros walikuwa wa kwanza, wakamchukua mrushaji anaitwa Mark Appel. Cubs wakiwa wa pili wakamchukua Bryant, bonasi ya kusaini dola milioni 6.7. Appel yeye majeraha yakamwandama na alikuja kugusa ligi kuu 2022 akiwa na miaka 30, tena na timu nyingine kabisa. Drafti ni bahati nasibu bana.

2014 akacheza ligi ndogo, kwanza Tennessee halafu Iowa, timu ambazo Cubs wanazitumia kulelea vijana. Homurani 43, pointi 110 zikaingia kwa mapigo yake, wastani 0.325, maana yake anafanikiwa zaidi ya mara 32 kwenye kila majaribio mia, na kwenye besiboli ukifika 30 tayari wewe ni moto. Akatajwa mchezaji bora wa ligi ndogo wa mwaka. Machi 2015 kwenye mechi za maandalizi kule Arizona akapiga homurani 9, nyingi kuliko mtu yeyote, wakubwa wote wakiwemo. Cubs wakafanyaje? Wakamrudisha ligi ndogo.

Sasa hapa ndo panapowachanganya watu, twende polepole.

Besiboli ya zamani mchezaji alikuwa mali ya timu maisha yake yote ya mpira, mkataba ukiisha timu inaweza kuuhuisha yenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka ustaafu au wakuuze. Hiyo ilivunjwa Desemba 1975 baada ya msuluhishi Peter Seitz kuamua kwamba timu haiwezi kumrefushia mtu mkataba milele. Wamiliki na chama cha wachezaji wakakaa mezani wakakubaliana kitu cha katikati: mchezaji akifikisha miaka 6 ya utumishi anakuwa huru, anaenda anapotaka kwa bei anayoitaka. Utumishi hapo ni kama wa serikalini kwelikweli, unahesabiwa siku kwa siku, siku 172 ni mwaka.

Ndani ya hiyo miaka 6 hela haziko sawa. Miaka kama mitatu ya kwanza timu inakulipa inachotaka alimradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho 2015 kilikuwa dola 507,500. Kwetu ni utajiri, ila kumbuka kuna wazee kwenye timu hiyo hiyo wanalipwa milioni 20. Baada ya hapo inaingia miaka ya usuluhishi, yaani wewe unataja mshahara unaoona unastahili, timu inataja wake, mkishindwana wasuluhishi wanachagua namba moja kati ya hizo mbili, hawaruhusiwi kukata katikati. Mshahara unaanza kupanda kwa kasi lakini bado huwezi kuondoka. Uhuru ni mpaka 6 itimie.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi wa timu. Una kijana unajua kabisa atakuwa nyota. Ukimpandisha siku ya kwanza ya msimu, 2015 mpaka 2020 inatimia miaka 6, anasepa. Ukimchelewesha siku 11 bado atapata 172 kwasababu msimu una 183, hujafanya kitu. Ukimchelewesha siku 12 anapata 171, ule mwaka haujatimia, na mwisho wa 2020 atakuwa na miaka 5 na siku 171. Unabaki naye 2021 pia. Umetoa siku 12 za mtoto wa miaka 23 umenunua mwaka mzima wa mwanaume wa miaka 29. Cubs walicheza mechi 8 tu bila yeye. Nani angekataa biashara hiyo?

Cubs wao hawakusema hivyo bila shaka. Theo Epstein, aliyekuwa anaongoza mambo ya mpira pale, alishikilia kwamba kijana anahitaji kunoa ulinzi wake, na ndo pale ile hoja ya urefu uliyoiweka mfukoni ilipata kazi. Wakala wa Bryant, Scott Boras, ambaye kukaa kimya si fani yake, akapiga kelele kila mahali. Halafu wiki mbili hazijaisha, aliyekuwa analinda besi ya tatu, Mike Olt, kaumia mkono, Bryant kaitwa. Aprili 17. Siku ya kwanza kabisa ambayo 172 ilikuwa haiwezekani tena. Ulinzi ulikuwa umenoleka vizuri sana kumbe, ndani ya siku 12.

Mimi nikisoma habari hii huwa nacheka halafu nasikitika, kwasababu kisheria timu haikuvunja kitu ambacho mtu angeweza kukithibitisha. Huwezi kuingia kichwani mwa bosi ukaona sababu yake halisi. Mtu akikwambia nilikuwa nataka adake vizuri utampinga na nini?

Mechi ya kwanza Wrigley Field, uwanja wa nyumbani wa Cubs, ilikuwa kichekesho. Uwanja umefurika, kamera zote kwake, kawekwa nafasi ya nne ya kupiga ambayo ni ya wababe, na akaambulia sifuri katika majaribio manne, straikauti tatu, dhidi ya San Diego Padres. Homurani ya kwanza aliisubiri mpaka Mei 9. Ila alipofunguka alifunguka. Msimu ukaisha na homurani 26, rekodi ya Cubs kwa mchezaji mpya, akiipita ile ya Billy Williams ya 1961 ya 25. Pointi 99 kwa mapigo yake, wastani 0.275. Septemba alipiga moja ikaenda kugonga ile skrini kubwa ya upande wa kushoto pale Wrigley, wakakadiria futi 495, mita 150 na ushee. Mchezaji mpya bora wa mwaka wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kura zote, hakuna aliyempinga.

Upande wa pili alipigwa straikauti 199, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye National League mwaka ule. Hii watu huwa wanaipitia haraka lakini kwangu ndo sehemu ya maana kuliko zote, kwasababu hapo ndo unaona mpigaji wa kweli. Ule mpigo wa baba, wa kuinua mpira juu, ulikuwa unampa homurani ila unaacha tundu, warushaji wakimrushia mipira ya juu yenye kasi gongo linapita chini yake. Majira ya baridi akaurekebisha, akaulaza kidogo ili gongo likae kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. 2016 straikauti zikashuka mpaka 154 na homurani zikapanda mpaka 39. Mara nyingi mtu akipunguza kukosa anapunguza na nguvu, huyu kavipata vyote viwili.

Na 2016 ndo mwaka wenyewe. Juni 27 kule Cincinnati alipiga homurani tatu na dabo mbili kwenye mechi moja, dabo ni pigo linalokufikisha besi ya pili, na katika historia yote ya ligi kuu hakukuwa na mtu aliyewahi kufanya mchanganyiko huo kwenye mechi moja. Mwisho wa msimu akapewa MVP, tuzo ya mchezaji bora wa National League, kura 29 kati ya 30 zikimweka namba moja, akiwa na miaka 24. Sasa zipange: 2013 bora wa vyuo, 2014 bora wa ligi ndogo, 2015 bora wa wapya, 2016 bora wa wote. Miaka minne mfululizo ngazi nne. Hakuna aliyewahi kuzipanda hivyo kabla yake.

Ila ukimuuliza shabiki wa Cubs atakwambia tuzo kaa nazo, nionyeshe Novemba 2. Timu hii haikuwa imechukua ubingwa tangu 1908. Miaka 108, kuna watu walizaliwa wakaoa wakazeeka wakazikwa wakiwa mashabiki wa Cubs bila kuona kombe. Fainali na Cleveland wakawa nyuma 3 kwa 1 kwenye mfumo wa kushinda mechi nne, yaani wakipoteza moja tu basi. Mechi ya tano Bryant akapiga homurani iliyosawazisha na kuanzisha maasi, mechi ya sita akapiga nyingine mapema kabisa, ya saba ikaenda muda wa ziada baada ya mvua kusimamisha mchezo dakika 17. Cubs wakawa mbele 8 kwa 7, imebaki mpigaji mmoja wa Cleveland. Mpira ukapigwa taratibu kuelekea wapi? Besi ya tatu. Bryant anaukimbilia, nyasi zimelowa, mguu unateleza, na ukiangalia video unaona kabisa jamaa anatabasamu kabla hata hajaurusha, akaurusha huku anateleza ukaenda moja kwa moja kwa Anthony Rizzo besi ya kwanza, na Rizzo akauweka mpira mfuko wa nyuma wa suruali asije akaupoteza kwenye vurugu. Mpira wa mwisho wa miaka 108 ulidakwa na yule yule waliyesema hajui kudaka.

Turudi kwenye hela maana hazijaisha. Mwaka huo wa MVP alikuwa analipwa dola 652,000. 2017 wakampa milioni 1.05, ambayo ilikuwa rekodi kwa mchezaji wa utumishi wake. Halafu kuna kitu cha kuchekesha: kuna kundi dogo la wachezaji ambao hawajatimiza miaka mitatu lakini wana siku nyingi kuliko wenzao, wanaitwa Super Two, hao wanaruhusiwa kuingia usuluhishi mapema. Bryant mwisho wa 2017 alikuwa na miaka 2 na siku 171, huwezi kukaribia mitatu zaidi ya hapo. Kwahiyo siku ile ile iliyomfungia mlango mkubwa ikamfungulia dirisha, akapata miaka minne ya usuluhishi badala ya mitatu. 2018 akakubaliana na Cubs milioni 10.85, rekodi nyingine kwa mtu anayeingia usuluhishi mara ya kwanza, ikafuata 12.9, halafu 18.6, halafu 19.5. Usimlilie sana kwahiyo. Ila uhuru ni uhuru.

Malalamiko ya chama cha wachezaji yalifunguliwa mwaka ule ule wa 2015 na yakakaa, yakakaa, mpaka msuluhishi alipotoa uamuzi Januari 2020. Bryant kashindwa. Atabaki chini ya Cubs mpaka mwisho wa 2021. Na kwa vile timu ilikuwa imemwona anaelekea mlangoni, Julai 30, 2021 wakamtuma San Francisco Giants, hata ule mwaka walioununua kwa siku 12 hawakuumaliza naye.

Hakuwa peke yake. Ronald Acuña alipandishwa mwishoni mwa Aprili 2018 na Atlanta, stori ile ile. Februari 2021 mkuu wa Seattle Mariners, Kevin Mather, alijisahau kwenye mazungumzo ya mtandaoni na klabu ya Rotary, akaongea waziwazi jinsi timu inavyowachelewesha vijana kwa ajili ya hesabu za utumishi, video ikatoka, akajiuzulu. Kitu ambacho kila mtu alikuwa anakijua na hakuna aliyeweza kukithibitisha, mtu kakisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Kwenye mkataba mpya wa 2022 kati ya ligi na wachezaji wakaweka kamba mbili. Ya kwanza, kijana akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji mpya bora anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alichelewa kupandishwa. Adley Rutschman wa Baltimore alianza mwishoni mwa Mei 2022, akawa wa pili, akapewa mwaka wote, na Paul Skenes wa Pittsburgh aliyeanza Mei 2024 akawa wa kwanza, kapewa wote. Ya pili ni ya kuwabembeleza mabosi: ukimweka kijana wako mwenye jina kikosini tangu mwanzo na akashinda hiyo tuzo, timu inapata nafasi ya ziada kwenye drafti. Seattle hao hao wakamwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza ya 2022, akashinda, wakapata zawadi yao. Haijamaliza ujanja wote kwasababu kijana asipomaliza wa kwanza au wa pili siku zake zimepotea vile vile, lakini bosi siku hizi anajua kwamba kumchelewesha nyota kunaweza kumwacha mikono mitupu.

Ingekuwa sheria hii ipo 2015 Bryant angepewa mwaka wake wote bila kesi na angekuwa huru mwisho wa 2020. Na hapo ndo mimi huwa naishiwa maneno. Maana 2020 ndo mwaka wa korona, viwanja vitupu, timu zinalia hela, na Bryant alicheza mechi 34, homurani 4, wastani 0.206, mwaka wake mbovu kuliko yote mpaka pale. Angeingia sokoni na namba hizo. Badala yake akabaki, 2021 akapiga homurani 25, na Machi 2022 Colorado Rockies wakampa miaka 7 kwa dola milioni 182. Tangu hapo mgongo umemgomea, misimu minne ya kwanza kule kacheza mechi 42, 80, 37 na 11.